Mkonge Ukivunwa, Majani 25 Yabaki Shinani

Ndugu mkulima, mwezi huu nimepita mashamba mengi ya mkonge huku Korogwe, na karibu kila lililovunwa nimelikuta limenyonyolewa kama kuku. Katika shamba moja nilisimama na mwenye shamba tukahesabu kwa kidole, jani moja moja. Shina la miaka mitatu limebakiziwa majani 9 na mchi katikati, yaani ule mkuki wa majani machanga ambayo hayajafunguka. La pili yake, 11. La tatu, 8. Mzee yule alinyamaza, kisha akasema lori lilikuwa linasubiri.

Najua habari ya lori. Zamu ya korona, yaani kiwanda cha kukamua majani ya mkonge, ikifika, usipopeleka mzigo unasubiri tena, na gari lisipojaa nauli inameza faida. Lakini jaza lori kwa kukata mashina mengi zaidi, si kwa kumaliza majani ya mashina machache.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 maisha yake yote, miaka 7 mpaka 10, kisha unarusha mlingoti, yaani mti wake mrefu wa maua, na kufa. Kwa mwaka ni kama majani 25, basi. Ukivuna 50 kwa mkupuo mmoja kwenye shina lililokwisha kukatwa mwaka jana, umekula na ya mwakani. Tena hayo ya mwakani hayatakuja yalivyo, maana jani la kijani ndilo jiko la mkonge. Shina lililoachiwa majani 9 linasukuma majani mafupi, membamba, na litachukua muda mrefu kurudia hali yake. Singa, yaani nyuzi za mkonge, ya daraja la kwanza inatakiwa ifike sentimita 90. Jani la sentimita 50 unalilipia ukataji na usafiri kama jani zima, halafu singa yake inaangukia kwenye mabaki. Na kumbuka kilo 100 za majani mabichi hutoa kama kilo 4 tu za singa kavu. Hapo hakuna nafasi ya kubeba majani mabovu.

Sasa vipimo. Mkato wa kwanza, miaka 2 hadi 3 tangu kupanda, acha majani 25 yaliyofunguka. Mikato inayofuata usishuke chini ya 20. Unahesabu kuanzia juu, jani la kwanza lililojitenga na mchi, ukishuka. Yaliyojikunja ndani ya mchi hayahesabiwi. Nimeona watu wanaanza kuhesabu chini. Ukianza chini unahesabu unachochukua, na mkono hausimami. Anza juu uhesabu unachoacha. Mkonge chotara nambari 11648, ile mbegu iliyozaliwa pale kituo cha utafiti cha Mlingano, ina majani mengi zaidi, kwa hiyo hizo 25 kwake ni sakafu, iachie zaidi.

Asubuhi kabla wakataji hawajaingia, funga kamba kwenye jani la 25 la shina moja katika kila mstari. Juu ya kamba hapaguswi. Usiwaachie wakataji kazi hiyo: mtu analipwa kwa matita ya majani 30, naye ana watoto wa kulisha, atakata kila kilicho mbele ya kisu chake. Kusimama shambani ni kazi yako wewe mwenye shamba, si ya kijana uliyemtuma na baiskeli jioni kwenda kuhesabu matita.

Jani likatwe sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye shina. Ukikwangua shina umefungua kidonda, na ukuvu unaoozesha shina hupitia hapo hapo. Mvua kubwa ikinyesha, ahirisha mkato. Majani yaliyokwisha kukatwa yafike korona siku ile ile au kesho yake. Yakinyauka, nyama yake inashika singa na rangi inaharibika.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wanaacha majani ya chini yakauke yakiwa shinani. Hasara, ndiyo, ila hiyo haiui shamba.

Kama shamba lako limeshanyonyolewa, usilitie kisu mpaka uhesabu majani 45 yaliyofunguka kwenye mashina mengi. Kwa lililobakiziwa 9 hiyo ni zaidi ya mwaka mzima, na hakuna mbolea itakayoufupisha muda huo kwa miezi miwili kama wengine wanavyowauzia. Palilia, ng'oa maotea, yaani machipukizi ya pembeni yanayonyang'anya shina chakula, rudisha makapi ya korona katikati ya mistari. Majani mapya yakitoka marefu kuliko yaliyotangulia, shamba limepona.

Halafu nenda kwa wenzako wa chama mpange zamu ya korona upya: wakulima watatu wenye mashamba madogo wajaze lori moja kwa pamoja, kila mmoja akate 20 au 25 kwa shina, nauli wagawane kwa idadi ya matita.