SOMO: Radiografa uliyesoma Tanzania, jinsi ya kusajiliwa na kuajiriwa Uingereza (someni hapa kabla ya kunifuata inbox)

Wakuu, kila wiki nalijibu swali lilelile kutoka Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea: "naomba utaratibu wa kwenda kupiga picha Uingereza." Naandika mara moja, na kuanzia leo anayeuliza natuma linki. Linawahusu radiografa wa uchunguzi (wapiga picha za eksirei, CT na kadhalika) na radiografa wa tiba ya mionzi (wanaotibu saratani kwa mionzi).

Kwanza lijueni hili. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Uingereza unawazuia waajiri na mawakala wao kuja kutuvuta huku. Wewe mwenyewe kuomba nafasi iliyotangazwa, ruksa kabisa. Basi mtu anayefungua meza hotelini Mtwara, anakusanya CV na "ada ya nafasi", anavunja mwongozo wa nchi anayodai kuiwakilisha. Sheria ya Uingereza pia inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi fedha ya kumtafutia kazi. Usimpe hata shilingi.

Hatua ya 1: Majina. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, transkripti, leseni na pasipoti visome sawa. Sisi watu wa kusini tunaumia sana hapa: shuleni Mohamedi, pasipoti Mohamed, chuoni Saidi Hamisi, NIDA Hamisi Said. Nenda kwa wakili upate kiapo cha majina mapema, kabla hujatuma karatasi yoyote.

Hatua ya 2: Baraza letu, MRIPC, linalosajili wataalamu wa radiolojia Tanzania. Leseni iwe hai. Omba barua ya uthibitisho kwamba umesajiliwa na huna shauri la nidhamu.

Hatua ya 3: Kiingereza. IELTS Academic, wastani 7.0 na kipengele chochote kisishuke chini ya 6.5. Chagua ile ya "for UKVI", yaani inayotambuliwa na idara ya viza ya Uingereza. Mada ni zilezile, ila hiyo inakubalika kwenye usajili na kwenye viza. Ukifanya ya kawaida, kwenye viza unaweza kutakiwa mtihani mwingine, na nauli ya Dar nyingine. Matokeo yanaishi miaka 2, kwa hiyo usiyafanye wakati karatasi za chuo bado hazijatoka.

Hatua ya 4: Maelezo ya mafunzo na uzoefu. Hapa ndipo nilipokwama mimi, maombi yakarudi yakitaka maelezo zaidi, kwa hiyo someni taratibu.

Msajili wa huko ni HCPC, Health and Care Professions Council. Maombi yako yanasomwa na wakaguzi ambao nao ni wa fani hii. Wanachukua viwango vya umahiri vya radiografa (vinavyotumika vilianza tarehe 1 Septemba 2023) na kutafuta kwenye karatasi zako ushahidi wa kimoja baada ya kingine. Hawapigi simu kukuuliza "ulimaanisha nini". Usipoandika, hukufanya.

Kosa kubwa ni kuandika kwa ujumla. Mtu kafanya CT miaka sita anaandika: "Nina uzoefu wa CT skani." Hiyo haimwambii mkaguzi chochote. Andika hivi:

"CT ya kichwa bila dawa (ya kung'arisha picha): nasoma fomu na kuhakiki kwamba sababu ya kipimo inatosha. Nahakiki jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Nauliza ujauzito. Naondoa hereni, vibanio na meno ya bandia. Naweka kichwa kwenye kishikilio, nashusha kidevu ili lenzi za macho zikae nje ya eneo la mionzi. Napiga skauti (picha ya awali ya kupangia), naskani kutoka chini ya fuvu hadi utosini. Naziangalia picha kabla mgonjwa hajashuka. Nikiona damu, nampigia daktari wa zamu papo hapo na kuandika saa niliyompigia."

Ona: humo umeonyesha utambuzi wa mgonjwa, kinga ya mionzi, mbinu, tathmini ya picha na mawasiliano. Viwango vitano kwa aya moja. Fanya hivyo kwa kifua, mifupa ya majeruhi, picha za mashine ya kusukuma wodini, theatre, fluoroskopi (eksirei ya moja kwa moja kwenye skrini), na CT yenye dawa (eleza kreatinini, yaani kipimo cha figo, historia ya mzio, na unafanya nini mgonjwa akibanwa pumzi baada ya sindano). Wa tiba, eleza simulesheni (kupanga mkao wa mgonjwa kabla ya tiba), barakoa ya kushikilia kichwa, uhakiki wa dozi na wa mkao kabla ya kuwasha, brakitherapia (chanzo cha mionzi kuwekwa ndani ya mwili), na unavyomfuatilia mgonjwa mwenye vidonda vya mdomo katikati ya matibabu.

Tahadhari za hatua hii:
- Mtaala uombe wa miaka ULIYOSOMA WEWE, siyo mpya ulio kwenye tovuti ya chuo. Uonyeshe saa za darasani na saa za vitendo.
- Fomu ya chuo ijazwe na chuo, isainiwe, igongwe muhuri. Usiijaze wewe ukampelekea msajili asaini tu.
- Wadhamini watumie barua pepe ya ofisi, na waambie mapema. Mkuu wa idara asiyefungua barua pepe anakukwamisha miezi.
- Usiandike kipimo usichokifanya. Kama MRI uliiona mafunzoni tu, sema uliiona, na ueleze unachokijua kuhusu usalama wa sumaku.

Hatua ya 5: Kutuma na kulipia. Mtandaoni, kwa pauni. Ada ya kuchunguza maombi hairudishwi hata ukikataliwa. Ndiyo maana hatua ya 4 haitaki haraka.

Hatua ya 6: Kutafuta kazi. Tovuti ya NHS Jobs, ya huduma ya afya ya umma ya Uingereza, iko wazi kwa kila mtu. Wanaoanza huingia Band 5, ndiyo ngazi ya mshahara. Jibu kila sharti la tangazo kwa mfano wako. Barua moja iliyotumwa hospitali arobaini haifiki popote.

Hatua ya 7: Usaili. Wataanza na kanuni za IR(ME)R za 2017, zinazosimamia mionzi kwa wagonjwa. Zijue nafasi nne za wahusika: mwajiri, anayeomba kipimo, anayekihalalisha, anayekitekeleza. Sisi tumezoea daktari akiandika tunapiga. Kule ukipewa fomu isiyo na sababu na ukapiga, kosa ni lako pia. Swali wanalolipenda: "Umempiga picha mgonjwa siye, utafanya nini?" Jibu linaanza na kumwambia mgonjwa ukweli na kutoa taarifa. Usianze na kufuta picha.

Hatua ya 8: Viza. Health and Care Worker. Mwajiri anatoa cheti cha udhamini, hakinunuliwi. Utahitaji kipimo cha TB kutoka kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza (cheti kinadumu miezi 6) na cheti cha polisi. Tozo ya afya ya wahamiaji hulipi.

MASWALI

Korosho_Kavu: Mkuu nipe namba ya agent wa uhakika, niko serious.

Mwandishi: Aya ya pili. Isome.

Korosho_Kavu: Nimesoma ila yupo mmoja amesema kazi tayari ipo, anataka hela ya cheti cha udhamini tu.

Mwandishi: Kazi haiwezi kuwa "tayari" wakati hujasajiliwa HCPC wala hujafanyiwa usaili. Radiografa ni cheo kinacholindwa kisheria kule. Bila usajili huruhusiwi hata kujiita hivyo. Ndugu yangu, hiyo hela ibaki mfukoni.

Binti_Mikindani: Kaka, mimi nina diploma, miaka tisa kazini. Naweza?

Mwandishi: Dada, kuomba unaweza, wanapima mafunzo pamoja na uzoefu. Ila kiwango cha kuingilia fani hii kule ni shahada, kwa hiyo pengo lote unalijaza kwa maelezo na ushahidi. Kama unaweza kumalizia shahada kwanza, malizia. Kama huwezi, anza leo daftari la kazi: tarehe, kipimo, ulichofanya wewe, tatizo lililotokea. Usiandike majina ya wagonjwa.

Binti_Mikindani: Ultrasaundi ndiyo nafanya zaidi. Inanisaidia?

Mwandishi: Swali zuri. Kule cheo cha sonografa (mpimaji wa ultrasaundi) hakimo kwenye vyeo vinavyolindwa na HCPC. Waajiri wengi hutaka uwe umesajiliwa kwa fani nyingine, kama radiografa, tena uwe na stashahada ya uzamili ya ultrasaundi. Jisajili kwa upande wa picha. Ultrasaundi iweke kama nyongeza. Usiifanye nguzo ya maombi.

Mzee_wa_Ndanda: Mwalimu, kijana wangu ni wa tiba ya mionzi, kazoea mashine ya Cobalt-60, yenye chanzo cha mionzi ndani yake. Kule wote ni linac, mashine inayotengeneza mionzi kwa umeme. Atakataliwa?

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Cobalt peke yake si sababu ya kukataliwa. Aeleze kanuni zilizo chini ya mashine. Cobalt inapungua nguvu kwa nusu kila miaka 5.27, karibu asilimia 1 kwa mwezi, kwa hiyo muda wa kumpiga mgonjwa mionzi lazima urekebishwe. Akieleza anavyouhakiki muda huo na nani anamhakiki yeye, ameonyesha umahiri ambao mtu wa linac wakati mwingine hana. Halafu aombe wiki chache penye linac, ajifunze kulinganisha picha ya siku na picha ya mpango kabla ya kuwasha.

Mzee_wa_Ndanda: Marahaba. Na familia?

Mwandishi: Radiografa anaruhusiwa kuambatana na mwenzi na watoto. Zuio la Machi 2024 ni la wahudumu wa malezi, wengi wanachanganya.

Tandahimba1: Marekani je? Naskia hela ni nzuri zaidi.

Mwandishi: Kule ni ARRT, chombo kinachothibitisha radiografa, na wanataka uwe umesoma programu wanayoitambua wao. Kwa wengi wetu maana yake ni kurudi darasani. Canada ni CAMRT, chama chao cha fani hii, na mtihani wao. Ghuba ni uhakiki wa vyeti wa DataFlow na, nchi nyingi, mtihani wa Prometric.

Tandahimba1: Sasa mbona hujaweka hatua zote za huko?

Mwandishi: Kichwa cha somo kinasema Uingereza.

Lindi_Kwetu: Nyongeza: rekodi za TLD (beji ya kupimia mionzi aliyopokea mfanyakazi) mtu achukue kabla hajaondoka?

Mwandishi: Ahsante sana, hilo nililisahau. Ndiyo. Omba nakala ya dozi zako zilizosomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Mwajiri mpya anahitaji kujua ulichokwishapokea. Kikomo ni 20 mSv (milisieverti, kipimo cha dozi) kwa mwaka. Na hizo beji zivaeni chini ya aproni ya kukinga mionzi, msiziache juu ya dashibodi. Jua la huku linapika gari, na joto linaondoa kumbukumbu ya dozi kwenye fuwele. Wala msiziache chumba cha ekisirei usiku, zitasoma dozi ambayo mwili wako haukuipata.

Lindi_Kwetu: Na aproni zetu zinakunjwa juu ya stuli.

Mwandishi: Zitundikeni. Ikikunjwa, madini ya risasi ya ndani yanapasuka kwenye kunjo na kwa nje huoni kitu. Mara moja kwa mwaka ilazeni mezani, ipigeni picha kipande kwa kipande. Ufa unaonekana kama mstari mweusi. Yenye ufa usawa wa nyonga au tezi ya shingo, itoeni kazini siku hiyohiyo.