Jinsi ya kuielewa thieta ya Costa Rica: kila ukumbi uliza nani alilipa

Wengi wakitaka kujua thieta ya Costa Rica wanaanzia Teatro Nacional, ukumbi wa taifa ulioko mji mkuu San José, wanaangalia picha za marumaru na dhahabu, wanasema duh, wamemaliza. Hapo ndo mnapotea jamani. Jengo ni zuri sibishi, ila ukishika jengo peke yake utadhani wale watu walikaa tu wakisubiri ukumbi ufunguliwe mwaka 1897 ndo wajue kuigiza. Mimi natumia njia moja rahisi sana, kila nikikuta ukumbi au mchezo au hata kinyago nauliza maswali mawili tu, nani alitoa hela na nani alikaa akatazama. Basi. Mengine yanajipanga yenyewe.

Kwanza toka nje ya San José. Kusini kule mkoa wa Puntarenas kuna kijiji cha Boruca, cha Waboruka wenyewe ambao ni wenyeji wa pale kabla Mhispania hajatia mguu, na kila mwaka kuanzia usiku wa tarehe 30 Desemba mpaka tarehe 2 Januari wanacheza mchezo wao wa diablitos, yaani vishetani. Wanaume wanavaa vinyago vya mbao, mmoja anabeba dude la ng'ombe dume, afu vurugu inaanza, dume anawakumba vishetani anawabwaga chini siku tatu mfululizo, kijiji kizima kinafuata nyuma na filimbi na ngoma na chicha, pombe yao ya mahindi. Mwisho vishetani wote wanakufa. Halafu wanafufuka, wanamsaka dume, wanamkamata, wanamchoma moto. Dume ndo Mhispania, sidhani kama unahitaji mtu wa kukufafanulia. Sasa rudi kwenye maswali yetu: nani alilipa? Kijiji. Nani alitazama? Kijiji kilekile. Kama unataka kwenda kuona, fika kama mgeni na uulize kabla ya kupiga picha, sio onyesho la watalii lile hata kama watalii wapo.

Huko mijini mzizi mwingine ni mascarada, vinyago vikubwa na majitu marefu yanayokimbiza watoto barabarani huku bendi ya matarumbeta na ngoma wanayoiita cimarrona inapiga. Barva, Escazú, Aserrí, Cartago, hayo ndo maeneo yake, na tarehe 31 Oktoba ni siku yake kitaifa. Kariri jina la kinyago kimoja, La Segua, mwanamke mzuri anayeomba lifti kwa wapanda farasi usiku na akigeuka ana uso wa farasi. Tutakutana naye mbele.

Haya sasa nenda Teatro Nacional, lakini nenda ukiwa na akili yako. San José ilikuwa na ukumbi mwingine kabla, Teatro Mora wa mwaka 1850, umeitwa kwa jina la rais Juan Rafael Mora, alipoangushwa wakaubadili jina ukawa Municipal (siasa hizo), tetemeko la mwisho wa mwaka 1888 likaumaliza. Kuna stori inasimuliwa mpaka leo kwamba mwimbaji mkubwa wa opera Adelina Patti alikuwa anazunguka Amerika ya Kati akaipita Costa Rica kwa sababu haikuwa na ukumbi wa hadhi yake, matajiri wa kahawa wakaona aibu. Iwe kweli au imetiwa chumvi, matajiri hao walijitolea kukatwa kodi kwenye kila mzigo wa kahawa unaosafirishwa nje ili ukumbi ujengwe. Inasikika vizuri eeh? Watembeza wageni wengi wanaishia hapo. Wewe usiishie hapo, kwa sababu ile kodi haikutosha na baada ya mda mfupi ikafutwa, wakaweka ushuru kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Yaani anayenunua kitambaa, anayenunua jembe, anayenunua kibiriti, wote wakawa wanajenga ukumbi wa opera ambao wengi wao wasingeingia. Oktoba 21 mwaka 1897 ukafunguliwa, mchezo wa kwanza ukawa Faust, opera ya Kifaransa, imeletwa na kampuni ya Kifaransa. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa, ila pale aliyetunzwa kwanza alikuwa mgeni.

Ukiwa ndani inua kichwa juu ya ngazi kuu utaona mchoro wa Mtaliano Aleardo Villa, Alegoría del café y el banano. Utazame taratibu usiwe na haraka. Wavuna kahawa wako ufukweni, wakati kahawa ya nchi ile inalimwa milimani, na jamaa aliyeshika mkungu wa ndizi ameushika hovyo kabisa, hashiki hivyo mtu aliyewahi kubeba ndizi hata siku moja. Mchoro huohuo ukaja kuwekwa kwenye noti ya kolon 5. Naupenda sana huo mchoro, kwangu ndo muhtasari wa thieta ya wakati ule, nchi inachorwa na mtu wa mbali kwa ajili ya watu wachache na wanalipa wote. Kitu kingine uliza habari za sakafu, viti vya chini vinatolewa na sakafu inanyanyuliwa kwa mitambo ya kuzungusha kwa mkono mpaka inalingana na jukwaa, ukumbi unageuka wa kudansi. Hao watazamaji walikuja kuonana wao kwa wao, opera ilikuwa kisingizio tu, mawazo yangu hayo.

Sasa ukisoma maandishi ya miaka hiyohiyo utakuta ugomvi mtamu. Mwaka 1894 waandishi Ricardo Fernández Guardia na wenzake na Carlos Gagini na wenzake walirushiana maneno magazetini, swali likiwa je maisha ya watu wa kawaida wa Costa Rica yanafaa kuandikiwa fasihi au hayana mvuto. Fernández Guardia alikuwa anaona Ulaya ndo kuna malighafi. Kichekesho ni kwamba mwaka 1902 wote wawili wakatoa michezo ya jukwaani inayotokea kwao, Gagini akatoa Don Concepción, Fernández Guardia akatoa Magdalena. Ukipata mda soma yote miwili pamoja.

Miaka ya katikati unaweza kuipita haraka kidogo, kampuni za kutoka nje zinakuja na kuondoka, sinema inaingia inameza kumbi. Teatro Variedades wa 1892 ukageuka wa sinema, Raventós wa 1928 nao ukaja kuungua mwaka 1967, baadaye serikali ikauchukua na leo unaitwa Melico Salazar, jina la mwimbaji wao wa opera wa sauti ya tenori. Kitu cha kushika hapa ni miaka ya 1950, chuo kikuu cha Universidad de Costa Rica kinaanzisha Teatro Universitario, halafu kundi la watu wenye kazi zao za mchana wanafungua kaukumbi kanaitwa Arlequín. Mle ndo walipopikwa waandishi na waongozaji wa baadaye, akina Daniel Gallegos na Guido Sáenz. Nani alilipa? Wao wenyewe, mfukoni.

Hapa ndo nakuomba utulie, miaka ya 1970 ndo nyama yenyewe. Rais ni José Figueres, yuleyule aliyefuta jeshi tarehe 1 Desemba 1948 kwa kupiga nyundo ukuta wa kambi ya Bellavista, na anakumbukwa kwa swali lake la matrekta ya nini kama hakuna violini. Wizara ya utamaduni inaundwa, waziri wa kwanza ni Alberto Cañas, na Cañas huyo ni mtunzi wa michezo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza anayeshika hela na anayeshika kalamu ni mtu mmoja (ina hatari zake hiyo, ila tusijifanye haikusaidia). Mwaka 1971 Compañía Nacional de Teatro, yaani kampuni ya taifa ya thieta, inazaliwa. Waigizaji wanalipwa mshahara, kiingilio kinawekwa chini, na wanacheza hadi nje, kwenye uwanja wa Museo Nacional, makumbusho ya taifa. Museo Nacional yenyewe iko wapi? Bellavista, ileile kambi. Nenda uangalie minara yake, matundu ya risasi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1948 bado yapo, ujiwekee kichwani jukwaa limesimama hapo na watu ambao hawajawahi kuvaa tai wamekuja kutazama.

Na wageni wakaja tena, safari hii sio wa kupita. Ndugu wawili kutoka Argentina, Alfredo na Carlos Catania, walishaingia tangu mwishoni mwa miaka ya 60. Chile ikapinduliwa Septemba 1973, mwaka uliofuata Teatro del Ángel, kundi la waigizaji wa Chile, ikahamia San José na akina Alejandro Sieveking, Bélgica Castro, Lucho Barahona. Kutoka Uruguay akaja kufanya kazi Atahualpa del Cioppo. Wengi wao walikuja wamekimbia lakini wamebeba ufundi mzima, jinsi ya kufanya mazoezi, jinsi ya kusoma maandishi, nidhamu, na wakafundisha vijana wa pale. Ukisoma wasifu wa mwigizaji yeyote mkubwa wa Costa Rica wa kizazi kile angalia nani alimfundisha, mara nyingi jina la Mchile au Muargentina halikosi.

Kwenye kusoma, kama Kihispania chako cha kuungaunga anza na Samuel Rovinski, Las fisgonas de Paso Ancho, wambea wa mtaa wa Paso Ancho huko kusini mwa San José, ya 1971. Lugha ya uani kabisa na inachekesha. Halafu ndo uchukue La Segua ya Cañas. Yule wa kinyago! Amemtoa barabarani akamrudisha Cartago ya enzi za ukoloni na akamfanya ni habari ya uzuri na hofu ya kuupoteza. Kama umeshaona mascarada utaisoma tofauti na mtu aliyeanzia kitabuni, ndo maana nilikwambia utoke kwanza.

Afu hela ikakatika. Mwaka 1981 Costa Rica ilishindwa kulipa madeni ya nje, sarafu ikaporomoka, na ruzuku ikibanwa ukumbi mdogo unaishi kwa tiketi. Vichekesho vya chumbani vikajaa, majina ya michezo yenye maana mbilimbili, mume kabatini, hayo mambo. Wasomi wanavidharau sana. Mimi nakwambia nenda ukaone angalau kimoja, kwa sababu swali letu la pili lina jibu pale, nani anatazama, na jibu ni familia nzima Jumamosi usiku. Ukitaka kitu kinachochekesha na kina meno, tafuta Ana Istarú, Baby boom en el paraíso, mwanamke mmoja peke yake jukwaani kutoka kutafuta mimba mpaka leba, anacheza yeye, daktari, mashosti, ukoo mzima.

Mambo madogo ya njiani: San José watu wanaelekeza kwa alama sio kwa namba ya nyumba, utaambiwa mita mia kusini kutoka kanisani, na mara nyingine alama yenyewe ilishakatwa zamani kama ule mti wa higuerón wa San Pedro, kwa hiyo toka mapema. Teatro Nacional ingia mchana kutazama jengo, hela ya usiku itunze kwa kumbi ndogo. Na usiku mmoja uende Teatro de la Aduana, karibu na stesheni ya zamani ya treni ya Atlantiki, ndo Compañía Nacional inapochezea sasa na umepewa jina la Cañas. Aduana maana yake forodha. Kaa mle taa zikizimwa ukumbuke kile kibiriti.