Sumu ya dawa ya wadudu: la kufanya kabla ya kufika hospitali
Anayenyunyizia sukuma wiki shambani Ruai, Nairobi, akitokwa na jasho na mate mengi, mboni zikawa ndogo kama ncha ya sindano na misuli ikatetemeka, shuku oganofosfati (kundi la sumu za wadudu zinazovuruga neva). Mwondoe penye dawa. Vaa glavu za mpira, mvue nguo zote (ndizo zinazoendelea kupitisha sumu kwenye ngozi), umwoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Macho: maji safi, dakika 15. Usimpe maziwa wala kumtapisha. Dawa nyingi huyeyushwa kwa mafuta ya petroli, na yakiingia mapafuni ni balaa. Akizimia huku anapumua, mlaze kwa ubavu. Piga 999. Beba chupa yenye lebo, imefungwa vizuri: daktari ataamua kuhusu atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hii.