Ukimwita mtoto T'Challa ughaibuni, ilinde ritifaa yake

Uingereza na Wales hakuna orodha ya majina yanayoruhusiwa. Msajili wa vizazi ataandika jina lolote mradi si tusi na halimdhuru mtoto. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimzuia mama mmoja wa Wales kumwita bintiye Cyanide, yaani sumu ya sianidi, lakini kesi kama hiyo ni nadra. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwa T'Challa wa filamu ya Black Panther, au kwa Nakia aliyeigizwa na Lupita Nyong'o wetu, msajili hatakusumbua. Taabu huanzia kwenye pasipoti, na kwa T'Challa huanzia kwenye ritifaa, kialama kile kati ya T na C.

Usajili wenyewe ni rahisi. Una siku 42 tangu mtoto azaliwe. Weka miadi na, kama hamjaoana, baba naye aje. Omba cheti kirefu chenye majina ya wazazi, kile kifupi hakitakufaa ubalozini. Kabla ya kutia sahihi msajili atakuonyesha alichoandika. Kisome herufi kwa herufi.

Sasa tuje kwenye mtego. Mtoto wetu wa kwanza ni T'Challa Kamau. T'Challa tulilipenda baada ya ile filamu ya 2018, na Kamau ni jina la guka (babu) wake, kwa kuwa kwetu kifungua mimba wa kiume hutajwa baba ya baba yake. Cheti chake cha Uingereza hakina dosari, na pasipoti yake ya Uingereza pia. Tulipokuwa likizoni Nairobi, tata yangu, yaani shangazi, akajitolea kutushughulikia pasipoti ya Kenya. Akaenda saiba, duka la intaneti, kijana wa saiba akafungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na alipofika kwenye ritifaa akagonga kitufe cha nafasi. Fomu ikalipiwa na kuwasilishwa kabla sijaiona. Pasipoti ikatoka imeandikwa T CHALLA KAMAU, majina matatu badala ya mawili, la kwanza likiwa herufi moja. Kila mtu akasema hiyo ni nafasi tu, haina neno.

Ina neno, tena kubwa. Pasipoti ya mtoto wa Uingereza hudumu miaka mitano. Unapoihuisha, kama mtoto ana pasipoti ya nchi nyingine, utadaiwa nakala ya rangi ya kila ukurasa wa pasipoti hiyo, na kwa kawaida majina ya pasipoti zote mbili lazima yafanane. Ya kwetu hayakufanana. Ombi likasimamishwa hadi ile ya Kenya irekebishwe, na kuirekebisha kukawa na foleni yake, ada yake na barua zake. Katikati ya hayo ruracio ya mdogo wangu, yaani sherehe ya mahari, ikafanyika Nyeri bila sisi. Mama yangu alilia kwenye simu. Sitaki mzazi mwingine apitie hilo kwa ajili ya kitufe kimoja.

Narudia: ritifaa si nafasi. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti utazame mistari miwili ya chini, ile inayosomwa na mashine. Kanuni ya kimataifa ya hati za kusafiria inasema ritifaa hapo huondolewa na herufi huunganishwa. Mtoto aitwaye T'Challa Kamau Ng'ang'a atasomeka NGANGA<<TCHALLA<KAMAU. Kistari kati ya majina mawili ndicho kinachogeuzwa kuwa kitenganishi. Sisi wa akina Ng'ang'a na Nyong'o tunapaswa kuwa mabingwa wa jambo hili, maana tumeishi nalo tangu shule ya msingi. Basi mahali ambapo mfumo unakataa ritifaa, unganisha: TCHALLA. Usiache nafasi. Usiruhusu mtu yeyote aache nafasi.

Tata, na wengine wote mnaotusaidia huko nyumbani, najua mlifanya kwa upendo na nauli mlijilipia. Lakini fomu ya mtoto msiibonyeze "wasilisha" kabla ya kututumia picha ya kila ukurasa kwenye WhatsApp. Na msimwongezee mtoto jina la ukoo kwenye hati za Kenya pekee ili kuwafurahisha wazee. Wazazi, hilo mlimalize mapema: mwandikeni Kamau au Wanjiru kwenye cheti cha Uingereza siku ileile, likiwa jina la pili. Cucu (bibi) ataridhika, na hati zitafanana.

Kuna jambo linaniuma kuhusu Waingereza. Wanaita huu uhuru, na kweli ni uhuru: kwao jina ni la wazazi wawili peke yao, shangazi hana kiti. Lakini katika uhuru huo hakuna anayekuambia lolote. Msajili wetu alitabasamu, akasema jina ni zuri sana, akaliandika. Hakutaja kwamba mashine za nchi yake zitalihangaikia maisha yote. Nyumbani ungekaripiwa kabla ya kumaliza sentensi, na wakati mwingine karipio ni msaada. Shuleni nako mwalimu akauliza kama anaweza kumwita "T" tu. Nikakataa. Mtoto anayeweza kufundishwa majina ya dinosaria anaweza kufundishwa jina la mwenzake.

Wenye Khaleesi, jina lililotoka kwenye tamthilia ya Game of Thrones, nao wasikilize. Mwaka 2024 mtoto mmoja mwenye jina hilo alicheleweshewa pasipoti hapa Uingereza kwa madai kwamba jina ni alama ya biashara ya kampuni ya filamu. Baadaye ofisi ya pasipoti ilikiri kwamba ilikosea na ikaomba radhi. Ukiambiwa hivyo, usikubali, dai jibu kwa maandishi.

Walio Ujerumani wajue kwamba ofisi ya usajili inaweza kukataa jina linaloweza kumdhuru mtoto. Denmark ina orodha ya majina yaliyoidhinishwa, na jina lisilomo huombewa kibali.

Kama hati zimeshapishana, shikilia cheti cha kuzaliwa kisha rekebisha nyingine zikifuate. Ukitaka kubadili jina la kwanza kwenye rejesta ya Uingereza na Wales, una miezi 12 tangu usajili. Baada ya hapo inabaki hati rasmi ya kubadili jina (deed poll), na kwa mtoto wa chini ya miaka 16 kila mwenye mamlaka ya mzazi lazima aridhie. Tiketi ya ndege ikatwe mwishoni kabisa, ukiwa umeishika pasipoti mkononi, na jina liandikwe TCHALLA, limeungana.