Jioni ya kutazama nyota kwenye magofu ya kale ya Kaole, Bagamoyo: ninavyoiandaa

Chagua jioni mwezi ukiwa nusu, siku ya saba au ya nane tangu uandame. Wengi huniomba mwezi mpevu, lakini mwanga wake hufuta vivuli vyote. Ukiwa nusu, mashimo yaliyo kwenye mpaka wa giza na nuru huonekana na kingo zake, na hapo hata mtu mzima hataki kuiachia darubini.

Omba ruhusa mapema kwa wasimamizi wa magofu. Simamisha darubini mahali pa wazi, mbali na makaburi. Pale wamelala watu, tuwaheshimu. Kioo kibaki kimefunikwa mpaka muda ufike, maana umande wa pwani hauchelewi. Simu zizimwe. Tochi iwe moja, ivishwe kitambaa chekundu, kwani macho huhitaji kama dakika 20 kulizoea giza.

Watoto watangulie, wawekewe kigoda. Kila mmoja aweke jicho tu, asishike darubini. Dunia inazunguka, hivyo nyota hutoka kwenye kioo yenyewe. Ilenge darubini upya kila baada ya watu wawili.

Sayari ya Mshtarii (Jupita) ikiwepo, usiikose kabisa: miezi yake mikubwa minne, aliyoiona mwanafalaki Galileo mwaka 1610, hujipanga karibu mstari mmoja. Wanaosubiri waonyeshe Kilimia, kile kishada cha nyota, ikiwa ni Desemba au Januari. Mei na Juni, Msalaba wa Kusini.

Isha ikiadhiniwa, simamisha foleni. Wanaokwenda kuswali watunziwe zamu zao.