Kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili: hatua ninazozifuata darasa la kwanza

Mtoto alisimama mbele ya darasa, kitabu mkononi, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Wenzake wakampigia makofi. Nilipomsogelea nikaona kidole chake kimesimama mstari wa pili, ilhali mdomo ulishafika wa tano. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika *kilima*, neno ambalo halikuwemo kwenye ukurasa ule. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akanyamaza.

Alikuwa amekariri ukurasa kwa sikio. Wenzake waliurudia kila siku kwa sauti moja, naye akaushika kama wimbo. Makosa yalikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyeongoza kuimba. Tangu siku ile nina kipimo kimoja: mtoto anajua kusoma pale anapoweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona. Hatua zote ninazozieleza hapa zinaelekea huko.

Nafundisha mkoani Mwanza, katika darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Mtaala wa KKK ulioanza 2015 ulitupa muda mwingi wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili, na muda huo ni mali. Mtoto akivuka kuingia la tatu bila kusoma, sayansi inampita, historia inampita, hata hesabu za mafumbo zinampita, si kwa kukosa akili bali kwa sababu swali lenyewe hajalisoma.

Hatua ya kwanza: mpime kila mtoto peke yake

Chukua karatasi moja. Juu andika herufi kumi, chini yake silabi kumi, kisha maneno kumi mafupi, kisha sentensi nne, na mwisho hadithi fupi. Mwite mtoto pembeni, mbali na wenzake, aanze na herufi. Anapokwama, hapo ndipo alipo. Andika kwenye daftari lako: herufi, silabi, maneno, sentensi, hadithi. Mtoto mmoja hachukui zaidi ya dakika tatu, kwa hiyo ukipima kumi kwa siku, darasa la watoto tisini linakwisha ndani ya wiki mbili.

Usipime kwa kuwasimamisha darasani. Wenye aibu watanyamaza hata kama wanajua, na wajanja watasaidiwa kwa mnong'ono kutoka nyuma.

Hatua ya pili: masikio kwanza

Kabla ya kugusa chaki, mtoto asikie kwamba neno lina vipande. Mpe kila mmoja punje chache za mahindi. Sema *kiti*, naye aweke punje moja kwa kila kipande: ki, ti. Punje mbili. *Kalamu*, punje tatu. Kisha sema *mtu*. Wengi wataweka punje moja. Rudia polepole, mdomo ukiwa umefumbwa kwenye m: mmm-tu. Utaona mkono mmoja unarudi mezani kuongeza punje ya pili, kisha mwingine, kisha benchi zima.

Baada ya hapo ingia ndani zaidi, kwenye sauti ya mwanzo. *Mama, moto, maua* yanaanza na sauti gani? Lipi ni geni kati ya *kuku, kaka, taa*? Mchezo huu unatosha dakika kumi kila asubuhi kwa wiki mbili tatu. Wenzangu wengi huuruka kwa sababu hauachi kitu kwenye daftari, na mkaguzi akija hana cha kutia tiki. Usiuruke. Mtoto asiyesikia kwamba *mama* linaanza na mmm, herufi m kwake ni mchoro tu.

Hatua ya tatu: sauti ya herufi kabla ya jina la herufi

Mtoto aliyefundishwa kwamba m ni "em" na k ni "kei" akikutana na *mkeka* ataunganisha "em-kei-e-kei-a", na hapo hakuna neno. Fundisha sauti. M unaivuta, mmm. L unaivuta. K na t hazivutiki, zitamke fupi mno, pumzi tu, bila kuzitilia irabu nyuma.

Irabu tano zije mwanzo: a, e, i, o, u. Hapa lugha yetu inatusaidia sana, kwa sababu kila irabu ina sauti moja tu, iwe mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Kisha konsonanti chache zinazozaa maneno mengi. Mimi huanza na m, k, l, t. Hesabu mwenyewe: kwa herufi hizo nne na irabu tano, mtoto anasoma *mama, kuku, kaka, kiti, taa, meli, mali, moto, maua, kalamu, kilima, kelele*. Anasoma hata sentensi kamili: *Kaka ameota moto. Mama ameketi.* Hajamaliza mwezi na tayari ameonja kusoma.

Baada ya hizo nne, ongeza moja moja: n, s, b, p, h, na kuendelea. B na d usizifundishe wiki moja, zinafanana kama mtu na kivuli chake. Acha b ikae imara wiki kadhaa ndipo d ije.

Vifaa havihitaji fedha. Kata maboksi ya sabuni upate kadi. Okota vizibo vya soda, uandike ndani yake kwa kalamu ya wino mzito, herufi moja kila kizibo. Vizibo ni bora kuliko kadi kwa sababu mtoto anavisogeza kwa kidole na kusikia vinagongana.

Hatua ya nne: kuunganisha

Hapa ndipo watoto wengi huachwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Weka kizibo cha m upande wa kushoto na cha a upande wa kulia, viachane kiasi cha shubiri. Mtoto aweke kidole kwenye m, aivute sauti, mmmm, huku akikisukuma kizibo kuelekea a bila kukata pumzi. Vikigongana, *ma* imetoka yenyewe. Rudia kwa me, mi, mo, mu. Pumzi isikatike. Akitamka m, akatulia, kisha akasema a, bado ana vitu viwili mkononi.

Chati ya ma-me-mi-mo-mu iliyobandikwa ukutani ni nzuri, lakini ina mtego. Watoto wakiisoma kila siku kwa mpangilio uleule, baada ya siku tatu wanaimba na macho yapo dirishani. Ichanganye. Gusa mo, rukia ki, rudi la, nenda tu. Mwite mmoja mmoja, na anayejibu awe yule uliyemwita.

Kisha silabi zigeuke maneno. Watoto wengi wanasoma *ka... la... mu...* kwa uzito sawa, halafu ukiwauliza ni neno gani hawajui, ingawa kalamu wameishika mkononi. Sababu ni kwamba hatuzungumzi hivyo. Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho: ka-LA-mu, ki-LI-ma. Kwa hiyo nawaambia: soma taratibu, kisha sema kama unavyosema nyumbani. *Ka, la, mu. Kalamu!* Sura ya mtoto inapolitambua neno lake mwenyewe kwenye karatasi, sijui jambo jingine kazini kwangu linalofanana na hilo.

Na kila siku, kila siku, maneno matano mapya kwenye kadi, ambayo hayamo kitabuni. Bila kadi hizo utarudi kwenye kukariri bila kujua.

Hatua ya tano: herufi zinazoambatana

Anza na ch, sh, ny, kisha mb, nd, nj, nz, halafu mw, kw, bw na ndugu zake. Mfundishe kila mwambatano kama sauti moja yenye nyumba yake.

Ng na ng' zinahitaji siku yake. Andika *ngoma* na *ng'ombe* ubaoni, uwatake wasikilize. Sisi huku Usukumani tuna bahati, watoto wanayo ng' mdomoni tangu walipoanza kusema, wengine wana majina ya ukoo yanayoanza nayo. Ninachofanya ni kuwaonyesha kwamba kile kialama kidogo ndicho sauti ya *Ng'wanza* wanayoitamka bibi zao. Taabu yetu iko kwenye dh na th, ambazo Kisukuma hakina, na mara nyingi kwenye l na r. Kwa mtoto wa hapa, *dhahabu* iliyosomwa "zahabu" si kosa la kusoma ikiwa amelitambua neno. Rekebisha matamshi baadaye, kwa upole, usimkatishe katikati ya sentensi.

Irabu mbili zinazofuatana pia zitazamwe kwa makini. *Kata* na *kataa* ni amri mbili tofauti kabisa.

Hatua ya sita: maneno marefu

Kiswahili ni chepesi kusoma silabi moja moja, lakini maneno yetu ni marefu. *Walimkimbiza* lina silabi sita. Mtoto akilisoma kipande kwa kipande, akifika *-za* ameshasahau alianza na nini.

Dawa yake ni kumzoesha kuona mafungu, si silabi tu. Andika ubaoni:

ana-, ali-, ata-, ame-
wana-, wali-, wata-, wame-

Kisha upande wa pili: *-lima, -soma, -cheza, -lala*. Waunganishe wanavyotaka, na kila wakiunganisha waseme maana. *Analima, alilima, atalima*: nani, lini? Kisha leta *hakulima* na *hatalima*. Baada ya wiki mbili jicho la mtoto linalishika *wali-* kwa mkupuo, na akili yake inabaki na nafasi ya kufikiri kilichosemwa. Sijui kwa nini zoezi hili halifanywi katika kila darasa la pili, maana kasi ya kusoma hubadilika nalo kuliko zoezi jingine lolote ninalolijua.

Hatua ya saba: kuelewa

Kwa sababu tahajia yetu ni nyoofu, mtoto anaweza kutamka gazeti zima asielewe hata aya moja. Usidanganyike na ulaini wa sauti. Mpe kifungu kama hiki:

*Asha aliamka mapema. Alichukua ndoo akaenda bombani. Bomba lilikuwa limekauka. Asha alirudi nyumbani polepole.*

Uliza kwanza swali ambalo jibu lake limeandikwa: Asha alichukua nini? Kisha uliza lisiloandikwa: ndoo ilikuwa na nini aliporudi? Mwaka jana mtoto mmoja alijibu bila kusita, "Maji." Nikamwambia arudie sentensi ya tatu. Akaisoma, akanyamaza, akaisoma tena kimyakimya midomo ikicheza, kisha akasema, "Hakuna kitu, mwalimu. Ndiyo maana anatembea polepole." Lile la polepole sikuwa nimeuliza.

Maneno magumu yafafanue kabla ya kusoma, na usione vibaya kutumia lugha ya nyumbani kwa sekunde mbili. Mtoto ambaye *kukauka* analijua kwa Kisukuma anahitaji daraja tu.

Hatua ya nane: nyumbani

Mzazi, hata kama hukusoma, unaweza kusaidia. Mwambie mtoto akusomee. Kaa naye dakika kumi, usishike kazi nyingine, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake alichosoma. Huhitaji kujua herufi ili ujue kama habari ina kichwa na miguu.

Vitabu ni vichache, lakini maandishi yapo: mfuko wa unga, ubao wa duka, ujumbe wa simu wa fedha ulizopokea, jina la kanga. Kanga inafaa sana, maana maneno yake huandikwa kwa herufi kubwa na ni mafupi, halafu yana fumbo ambalo mtoto atataka kuelezwa.

Bibi yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika miaka ya kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vya kisomo huku kanda ya ziwa vilizungumzia pamba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shambani. Alisoma polepole hadi uzeeni, kidole chini ya mstari, lakini stakabadhi ya pamba yake aliisoma mwenyewe, kilo na shilingi, kabla ya kuikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Ninapomkazania mtoto wa mtu asome neno jipya, ninaikumbuka ile stakabadhi.

Hatua ya mwisho: pima tena, panga upya

Kila baada ya wiki nne, rudia kipimo cha mwanzo. Wagawe watoto kwa walipofika, si kwa umri wala kwa dawati: wa herufi pamoja, wa silabi pamoja, wa maneno pamoja. Wanaosoma hadithi wape kitabu wasomeane wawili wawili, wewe kaa chini na kundi la herufi. Ndilo linalokuhitaji, na ndilo tunalolikwepa kwa sababu linachosha. Kundi lisiwe kifungo, mtoto akivuka ahame siku hiyohiyo, na wenzake wamwone akihama.

Karatasi ya kipimo iandike upya kila mara, maneno mengine, hadithi nyingine. Ile ya mwezi uliopita wameshaikariri.