Anza Ukutani Kabla ya Kuilaumu Friji

Jikoni kwangu Walukuba, hapa Jinja, hakuna chombo cha umeme chenye umri wa chini ya miaka kumi. Friji niliinunua mwaka 2009 ikiwa imeshatumikia nyumba nyingine. Blenda ilikuwa zawadi ya harusi ya binti yangu. Yeye ameshazaa watatu, blenda bado inasaga. Birika la umeme limebaki na bati lake tu, vingine vyote nimeshavibadilisha. Napika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa viwandani, sahani arobaini hivi kwa siku, kwa hiyo friji ikigoma asubuhi, hasara yangu naihesabu kabla jua halijazama.

Ufundi sikuusomea. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na minne, na mashine yangu ilipokwama nilisimama nyuma ya fundi umeme nikimwangalia mikono. Mzee mkali, maneno machache. Moja nililiiba: "Anza ukutani." Alitaka tuhakikishe umeme unafika vizuri kabla ya kugusa skrubu yoyote ya mashine. Nikihesabu vyombo nilivyofufua tangu nistaafu, zaidi ya nusu ugonjwa wao haukuwa ndani ya chombo chenyewe.

Vifaa vyangu vinakaa kwenye kopo la biskuti: bisibisi ya bapa na ya nyota, plaizi, kisu kidogo, mswaki mkuukuu, kipande cha msasa laini, na mita ya kupimia umeme niliyoinunua Kampala kwa shilingi 25,000. Mita hiyo imeshanirudishia pesa yake mara kumi. Sharti langu ni moja: chombo kichomolewe ukutani, na plagi niiweke mahali ninapoiona kwa macho. Kuzima swichi hakunitoshi, maana mjukuu anaweza kuiwasha akidhani ananisaidia.

Sasa tuanze huko ukutani. Sisi wa Jinja tunalala karibu na bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, linalozalisha umeme tangu 1954, na bado jioni taa za kwangu hufifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 240. Siku moja saa mbili usiku friji gadi yangu, kile kifaa kinachokaa kati ya soketi na friji kuilinda, hii yenye kioo cha namba, ilionyesha 180. Ukipoteza robo ya volti, nguvu inayopotea ni karibu nusu: birika la wati 2,000 linabaki na wati 1,125. Ukiliona linachelewa kuchemka jioni na asubuhi linawahi, usilifungue. Lina njaa, haliumwi. Kwa friji njaa hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu kompresa, pampu yake ya kuzungusha gesi, hushindwa kuanza, ikanguruma, ikachemka. Kama una friji ya zamani na huna friji gadi, nunua hiyo kwanza kabla ya kuendelea kusoma. Inakata umeme ukishuka au ukipanda mno, na ukirudi inasubiri dakika tatu hadi tano ndipo iiruhusu friji. Chagua yenye namba, ili usihitaji kuchokonoa soketi kwa ncha za mita.

Baada ya hapo, plagi. Mwaka juzi kwa wiki nzima nilisikia harufu ya samaki jikoni. Masese, wanakotua wavuvi, si mbali, na jirani yangu huanika mukene, dagaa wa huku, uani, kwa hiyo sikushughulika. Kumbe ilikuwa plagi ya friji inaungua. Plastiki ya plagi na soketi ikipata joto sana hutoa harufu hiyo hiyo. Basi ukisikia samaki na hujanunua samaki, shika plagi zako moja moja. Ya moto, au yenye doa la kahawia karibu na miguu yake, ichomoe na uifungue.

Mara nyingi utakuta skrubu imelegea. Kata sehemu ya waya iliyoungua mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, menya upya, sokota nyuzi, kunja ncha, kaza. Waya wa kahawia ni wa moto, yaani unaoleta umeme, na huenda upande wa fyuzi. Wa bluu ni nyutro, unaourudisha. Wa kijani na njano ni wa ardhi, huenda kwenye mguu mrefu. Kwenye vyombo vya kale sana utakuta nyekundu, nyeusi na kijani, kwa mpangilio huo huo. Waya wa ardhi uuache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Na kile kibano cha plagi kibane ganda la nje la kamba, kisibane nyaya za ndani. Fyuzi ya birika au jiko ni ampia 13, ya blenda 3 au 5. Fyuzi iliyoungua usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimeiona hiyo, na nimeuona ukuta uliofuata.

Kama soketi yenyewe ndiyo imeungua, mimi naishia hapo. Nyaya za ukutani namwachia fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda.

Birika likikataa kabisa na fyuzi ni nzima, liache lipoe, limwage maji, liweke kwenye kitako chake, bonyeza swichi yake kama unalichemsha, lakini plagi iwe mkononi mwako. Weka mita kwenye omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa ile miguu miwili mifupi ya plagi. Birika la wati 2,000 lisome karibu 29. La wati 1,500 karibu 38. Likisoma hivyo, birika ni zima, rudi ukutani. Lisiposoma kitu, geuza kitako uangalie zile shaba zinazogusana: masizi meusi huondoka kwa msasa laini. Lakini kama plastiki inayozizunguka imeyeyuka, kitako hicho ni cha kutupa. Kisha sogeza mita kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, gusa mguu wa moto na mguu mrefu. Hapo isisome chochote. Ikileta namba, umeme unavuja kwenye bati, na birika hilo usimpe hata adui. Chokaa huku kwetu si tatizo kubwa kwa sababu maji ya Ziwa Victoria ni laini. Anayetumia maji ya kisima achemshe maji yenye limau mbili, ayaache saa moja, asuuze.

Jiko la koili nalichukia, ila kila mpangaji analo. Kijana wa chumba cha pili aliniletea la kwake: "Shangazi, imekatika tena." Nikamuuliza mara ya ngapi. Ya nne. Kila mara alikata kipande kilichoungua, akavuta kilichobaki, akakisokota. Nikamweleza: koili ikifupika, inavuta umeme mwingi zaidi kuliko ilivyoundiwa, inawaka nyekundu mno, na inakatika mapema zaidi. Yeye alifurahi kwamba jiko limekuwa na moto mkali! Koili mpya tulinunua shilingi 4,000, ya wati zile zile. Chukua uzi, pima urefu wa mfereji wote wa kigae, kisha vuta koili polepole kwa mikono miwili mpaka ilingane na uzi, matundu yake yawe sawasawa. Ikibanana mahali pamoja, patawaka kuliko pengine na patakatika. Ncha zipite kwenye shanga zake za kauri, nati zikazwe. Na nikamwambia lile ninalowaambia wote: koili iliyo wazi ni umeme mtupu. Ikivimba ikagusa sufuria, mshikio wa sufuria umekuwa waya. Zima ndipo ukoroge.

Blenda huumwa sehemu mbili. Ya kwanza, mota inalia lakini visu havigeuki: kapla imelika, kile kigurudumu cha mpira au plastiki kati ya jagi na mota. Kinatengenezwa kiwe laini makusudi, ili visu vikikwama kife chenyewe mota ibaki. Kukifungua kunawashinda wengi kwa sababu wanakizungusha upande wa kawaida na kukikaza zaidi. Fungua kitako, shika mhimili wa mota kwa plaizi kutoka chini, kisha zungusha kapla kuelekea upande ule ule ambao blenda huzunguka ikifanya kazi. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, meno yake uyahesabu. Ya pili ni cheche nyingi na harufu ya kuungua: brashi za kaboni, vile vipande viwili vinavyoipa mota umeme, zimeisha. Zikibaki fupi kuliko nusu sentimita, badilisha zote mbili pamoja. Ikizimika ghafla ukisaga karanga, igeuze utafute kitufe kidogo chini, iache ipoe nusu saa, ubonyeze. Karanga saga kidogo kidogo. Binti yangu hajawahi kunisikiliza kwa hilo.

Sasa friji. Ilinifia mwaka 2019 siku ya Ijumaa, kilo sita za nyama ndani. Taa inawaka, lakini kila baada ya dakika chache "tak", kimya, "tak". Fundi mmoja akaja, akaweka sikio, akasema kompresa imekufa, shilingi 350,000. Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa sina hizo pesa, hapo ndipo fikra hutoka.

Kwanza niliangalia volti: 232, nzuri. Nikaichomoa, nikaisogeza. Mgongoni, zile bomba nyeusi nyembamba zilikuwa zimevaa vumbi na mafuta kama blanketi. Friji hutupa joto lake huko. Ukizifunika, kompresa haipumziki. Nikazisugua kwa brashi kavu. Hiyo ifanye kila baada ya miezi mitatu kama unapika kwa mafuta kama mimi, na uache nafasi ya kiganja kati ya friji na ukuta.

Halafu nikaendea kompresa, lile kopo jeusi chini. Ubavuni ina kifuniko kidogo cha plastiki. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujagusa hata moja. Ukiona kapasita, kikopo cha mviringo chenye nyaya mbili, miguu yake usiiguse. Chini ya kifuniko kuna relei ya kuanzishia, kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichochomekwa kwenye miguu mitatu ya kompresa. Ichomoe, itikise sikioni. Nzima kwa kawaida haitoi sauti. Yangu ililia kama kayamba.

Lakini sikukimbilia dukani, kwa sababu relei huweza kuuawa na kompresa mbovu. Pima ile miguu mitatu ya kompresa kwa mita, jozi moja moja. Utapata namba tatu, na kubwa iwe sawa na jumla ya zile mbili ndogo. Kisha pima kila mguu na bati la kompresa, mahali ulipokwangua rangi: isisome kitu. Zangu zilikubaliana. Relei mpya ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani ilikuwa shilingi 12,000. Nyama haikuharibika.

Friji inayogandisha vibaya ingawa inanguruma siku nzima, ifanyie jaribio la noti. Bana noti ya elfu moja kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila ubishi, mpira hapo haubani. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni, kunjua mikunjo ukiwa bado na joto, upake vaselini kidogo, rudia noti kuzunguka mlango wote. Maji yakituama chini ya droo ya mboga, kuna kitundu nyuma kimezibwa na majani ya sukuma. Kizibue kwa mrija na maji vuguvugu.

Barafu usiichokonoe kwa kisu. Dada yangu wa Bugembe alifanya hivyo akasikia "fsss", na gesi yote ikaondoka. Zima, acha mlango wazi, weka bakuli la maji ya moto ndani. Na mambo ya gesi sigusi. Friji nyingi za siku hizi zimeandikwa R600a; gesi hiyo inawaka moto, si ya kuchezewa na mtu mwenye kopo la biskuti.

Jiko la gesi ni rahisi. Moto wa njano unaopaka masizi sufuria unaomba hewa: toa vichwa, vioshe, zibua matundu kwa sindano, kausha kabisa. Njiti ya meno usitumie, hukatikia ndani. Mpira na regiuleta vipake povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, funga mtungi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, basi fungua mlango na usiguse swichi ya taa.

Mikrowevu ninafanya kitu kimoja tu. Ikitoa cheche ndani, angalia ukutani upande wa kulia, kile kipande kama kadi ya rangi ya fedha. Ni maika, ikirukiwa na mafuta huungua. Nunua karatasi yake, kata kwa mkasi kwa kufuata ya zamani, chomeka. Kifuniko cha nje sikifungui. Mle kuna kapasita ya volti zaidi ya 2,000 inayoweza kushika umeme hata chombo kikiwa kimechomolewa, na yule mzee wa kiwandani, aliyeshika kila kitu, hiyo alikuwa anaizunguka kwa mbali. Yangu ilipokufa niliigeuza kabati la mkate. Mlango unafunga vizuri, panya hawajaweza.